Mara ya tatu ndipo Mwalimu akaniita mwongo

Mimi si mtu wa kumwambia mwenzangu maneno matamu usoni. Nilivyolelewa, ukimpenda mtu unampelekea sukari kilo mbili na mche wa sabuni, unakaa, unaangalia ukuta, unaaga. Sasa kiharusi kilipompiga mwalimu wangu wa riadha mwanzoni mwa 2025, hapa hapa Arusha, kila mtu akawa na ushauri. Msifie angali hai! Sawa, lakini kwa namna gani, hakuna aliyesema. Mwingine, mtu mzima kabisa, akanionya nisithubutu kumtajia mbio kwa sababu nitamtonesha. Huyo ndiye aliyenipotezea miezi miwili.

Mpango wa kwanza ulikuwa fulana. Tulichanga watu kumi na wawili aliowahi kutufundisha, elfu kumi na tano hivi kila mmoja, wengine hadi leo hawajatoa. Nikachagua picha yake nzuri, kofia kichwani, filimbi mdomoni. Fundi wa kuchapisha akaitazama, akashusha sauti: "Pole sana kaka. Mwaka wa kuzaliwa ninao, huu wa kufariki niuweke wapi?" Nikamfokea kwamba mzee yuko hai. Mtu mwenye akili angeishia pale pale, akadai pesa zake. Mimi nikamwambia achape.

Jumapili tukaingia uani kwake tumejipanga mistari miwili, fulana nyeupe, sura ya Mwalimu kwenye vifua kumi na viwili. Jirani alikuwa anaanua nguo. Alipotuona akaziangusha, akajishika kichwa, akaanza kulia. Kabla hatujafika mlangoni mwingine alikuwa ameshakuja na noti mkononi anauliza daftari la rambirambi liko kwa nani. Ndani, Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, akageukia ukutani. Mama, mkewe, akaniita jikoni. "Mwanangu, fulana za sura umezoea kuziona wapi?" Sikuwa na jibu. Yangu naipigia deki.

Mpango wa pili ulikuwa hotuba, kurasa mbili. Aya ya pili nikaanza kulia mimi, yeye akasinzia. Tuliache hilo.

Niseme na hali yake yenyewe. Kiharusi kiliupiga ubongo upande wa kushoto, kwa hiyo mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakakwama. Akitaka chai anasema "ile, ile", halafu anakasirika, halafu ananyamaza siku nzima. Lakini dada anayekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo alituonyesha kitu: ukianza kuhesabu, Mwalimu anadakia. Moja, mbili, tatu, hadi ishirini, bila kukwama. Alisema wagonjwa wengi wa namna hii hubaki na hesabu, siku za wiki, hata nyimbo, vitu ambavyo ulimi umevizoea. Nikakaa kimya nikifikiria. Mtu huyu kafanya nini maisha yake yote zaidi ya kusimama kando ya uwanja akitusomea sekunde?

Nikamwomba Mama kauntabuku zake. Zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, zimeliwa pembe na mende. Kila mazoezi yamo, kila kijana, kwa bluu. Makosa kwa nyekundu. Kwenye ukurasa wangu mmoja: mita 400 mara kumi, 68, 68, 67, 74, na pembeni, "anachoka kwa uongo." Ukurasa wa kwanza wa kila kitabu kaandika kitu kile kile: Bayi, Christchurch, 2/2/1974, 3:32.2. Filbert Bayi, Mtanzania mwenzetu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 siku ile kule New Zealand kwa kuongoza tangu mlio wa bastola, na Mwalimu alitulea kwa hiyo moja tu. Ukijificha nyuma ya mwenzako anauliza, "Bayi alijificha nyuma ya nani?"

Basi nikakaa kitandani nikamsomea. Anasikiliza, anatikisa kichwa. Nilipofika kwenye mita 1500 zangu bora, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nikasoma kwa sauti kavu: "Dakika tatu, sekunde hamsini na nane."

Mkono wa kushoto ukapiga godoro. Akanitolea macho yale yale ya zamani. "Mwo... mwongo!" Halafu, pole pole, "Nne. Nne, moja."

Dakika nne na sekunde moja, kweli. Sijawahi kufurahi kuitwa mwongo namna ile. Mama alikuja mbio na mwiko mkononi. Tangu hapo kila Jumapili nasoma na kuiba sekunde mbili tatu mahali, naye ananikamata. Ukitaka kujaribu kwa mgonjwa wako, iba kidogo. Ukiiba nyingi anajua unamchezea.

Usiku wa kuamkia Septemba 15 nililala kwao. Saa tisa na ushei tulikuwa tumeinamia simu yangu, bando la elfu mbili au tatu, Alphonce Simbu wetu anaingia uwanjani Tokyo kumalizia marathoni, nyuma ya Mjerumani, Amanal Petros. Saa ya kupimia iko mkono wa kushoto wa Mwalimu, anahesabu kwa sauti. Nikaona hapa hapa, giza lipo, Mama kalala. Nikasema, "Mwalimu, kila nilichonacho umenipa wewe."

"Nyamaza," akasema. "Hesabu."

Wakafika pamoja, 2:09:48 wote wawili, picha ya mstari wa mwisho ikampa Simbu ushindi kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Mwalimu akanisukumia kauntabuku niandike. Nikaandika. Akaweka kidole mstari wa chini yake.

"Na yako."

Nikaandika 4:01. Akaisogeza kwenye taa, akaiangalia, akanirudishia.