Siku yangu saitini, tunajenga wodi ya afya ya akili

Saa 12 asubuhi nishapanda daladala, michoro mapajani. Mi ni msanifu majengo, sa hivi nasimamia wodi ya afya ya akili hapa Tanga.

Saa 1 na nusu naanzia bafuni. Fundi bomba kafunga shawa ya kawaida, ile inayochomoza ukutani, nikamwambia kaka hii inatoka, akashangaa, "mbona haivuji dada?" Nikachukua uzi wa kujengea nikautundika pale, ukashika. Akautazama kimya alafu akafata spana. Humu ndani chochote kinachoweza kubeba uzito hatukitaki, mgonjwa asije akajidhuru nacho, shawa inazama ukutani, kitasa kina mteremko uzi uteleze, fimbo ya pazia ikivutwa inaachia yenyewe. Baadae nikamkuta anapita vyumba vyote na ule uzi, hakuna aliyemtuma.

Saa 4 milango. Lazima ifunguke na kwa nje, mgonjwa akisukumia kitanda nyuma yake nesi aweze kuingia.

Saa 5 kikao, hiki ndo nilikuwa nakiogopa. Mkandarasi anataka nondo madirishani, ni bei rahisi na kila mtu kazizoea. Bahati tulimwalika kaka mmoja aliyewahi kulazwa, sio hapa, akasema "usiku nilikuwa nahesabu nondo, nikajiona mfungwa na mi nilikuja kutibiwa". Hakuna aliyebisha tena. Tunaweka kioo cha leya mbili kama cha mbele ya gari, kikipasuka hakimwagiki, na dirisha lifunguke sentimita 10 tu. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa nyongo kule Pennsylvania, Marekani, walioona miti dirishani walitoka mapema na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko walioangalia ukuta wa matofali. Hao hawakuwa wagonjwa wa akili, ila mi naamini mti unatuliza mtu yeyote.

Saa 7 wali maharage chini ya mwembe, ndo mti wetu wa kuonekana dirishani. Wodi inauzunguka kama nyumba za zamani za pwani zenye ua katikati, jengo lenyewe ndo uzio, kwahiyo mgonjwa anatoka kupunga upepo bila kupita getini. Nesi alitukumbusha tawi likifika paani ni ngazi, hilo moja tumelikata.

Saa 11 jioni mafundi washaondoka. Nikaingia chumba kimoja, nikapanga matofali na mbao kimo cha kitanda, nikalala nikatazama dirishani. Naona mbingu tu, mwembe siuoni. Nikampigia fomeni palepale, kesho tunashusha dirisha kozi mbili, yaani mistari miwili ya matofali.