Kufunga friwili kwenye baiskeli ya gia isiyoachia

Tanga ni tambarare, kwa hiyo baiskeli ambayo pedeli zake hazisimami inakwenda raha, mpaka bajaji ikukatie njia Ngamiani. Ukitaka kuweka friwili, yaani gia inayoruhusu pedeli kusimama huku gurudumu likizunguka, anza na breki. Friwili ikishafungwa, miguu haizuii tena tairi. Bila breki ya mbele na ya nyuma usiitoe barabarani kabisa.

Kagua haba ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Nyuzi zake za skrubu zenye ngazi mbili ni za gia isiyoachia. Upande wa pili, kama una nyuzi za ngazi moja, ndio wa friwili: geuza gurudumu tu. Kama hakuna, vua gia. Hapa ndipo haba nyingi huharibiwa: pete inayobana gia ina nyuzi za kushoto, hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Ukilazimisha kinyume, unakwangua nyuzi. Friwili ya nyuzi za inchi 1.37 itaingia palepale gia ilipotoka, japo inashika nyuzi chache.

Paka grisi nyuzi zote. Kila ukikanyaga, friwili inajikaza, na chumvi ya bahari ikishaingia hapo friwili haitoki tena. Mnyororo ucheze kama sentimita 1 katikati; zungusha pedeli mzunguko mzima, upime pale unapokaza zaidi.

Ukitaka badala yake breki ya kukanyaga pedeli kinyume, hiyo inadai haba yake yenyewe, yaani kusuka spoku upya. Mkono wa chuma wa breki hiyo lazima ufungwe kwenye fremu, la sivyo breki haishiki na ekseli inalegea.