Oili ya jeti hupimwa ikingali moto

Mwaka wangu wa kwanza karakanani, zamu ya usiku, nilipima oili ya injini ya kushoto nikakuta imeshuka chini ya alama. Ndege ilikuwa imelala tangu mchana. Nikafungua makopo mawili, nikajaza mpaka juu, nikaandika kitabuni, nikaendelea na kazi nyingine. Alfajiri injini ilipowashwa kwa majaribio kisha ikazimwa, kipimo kilikuwa kimepita alama ya juu, na michirizi ya oili imetapakaa pembeni mwa tundu la kupumulia. Mzee aliyesimamia zamu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kijana, ulipima muda gani baada ya injini kuzimwa?"

Injini ikishazimwa, oili ya tangini huteremka polepole kupitia pampu na kujikusanya chini, kwenye sanduku la gia. Haijapotea, imehama. Ndiyo maana kila mtengenezaji ameweka muda wake wa kupima, mara nyingi kati ya dakika chache na nusu saa hivi tangu kuzima. Muda ukipita, huongezi hata tone; unaiwasha injini kwanza kama kitabu kinavyoelekeza, ndipo unapima.

Wageni wa kazi hii hudhani ni ukali usio na sababu. Lakini oili ya jeti haikutani na moto unaowaka ndani ya injini. Inazunguka kwenye beringi na gia, imezuiwa na sili, yaani vizuizi vya uvujaji, zinazosukumwa na hewa, kisha inarudi tangini. Injini nzima hutumia oili kidogo sana kwa kila saa ya kuruka, na kiasi hicho kikibadilika ghafla, ndiyo habari ya kwanza tunayopata kuhusu sili iliyochoka au beringi inayokufa. Ukipima vibaya usiku mmoja, umeharibu kumbukumbu ya wiki nzima.

Na oili yenyewe si ile ya magari. Oili za madini zilishindwa na joto la injini za jeti, ndipo zikaja za sintetiki zinazotengenezwa kwa esta, aina ya kemikali. Ile tunayoitumia zaidi ina mnato, yaani uzito wa kumiminika, wa karibu senti-stoki 5 katika nyuzi 100 za Selsiasi, nyepesi kiasi cha kumshangaza fundi aliyezoea injini za pistoni. Inatosha, kwa sababu mzigo wote umebebwa na beringi za gololi na za rola. Inatakiwa iendelee kumiminika hata katika baridi ya nyuzi 54 chini ya sifuri, na mvuke wake usishike moto kabla ya nyuzi 246. Shafti ya injini ndogo kama PT6A huzunguka zaidi ya mara 37,000 kwa dakika, kwa hiyo kazi ya oili si kulainisha tu. Inabeba joto na kulitoa kwenye beringi. Rubani anayezima injini bila kuiacha ipoe dakika chache kwenye mwendo wa chini anaiacha oili imesimama juu ya chuma cha moto, nayo inaganda kuwa masizi magumu yanayoziba njia. Jambo hili linaniuma, maana masizi yale hayatoki kwa kubadilisha oili.

Esta ina madhara yake pia. Inalainisha rangi, inavimbisha mpira usio wa aina yake, na inavuta unyevu wa hewani, hivyo kopo lililofunguliwa halirudishwi kabatini. Humo mna kiambato cha fosfati cha kuzuia msuguano, chenye sumu. Vaa glavu. Usitumie kopo tupu kwa kitu kingine chochote.

Sasa hilo joto linakwenda wapi? Linakwenda kwenye mafuta yanayochomwa na injini. Mafuta hayo, Jet A-1, ni jamii ya mafuta ya taa, yaliyosafishwa kwa masharti makali: mvuke wake usishike moto chini ya nyuzi 38, na yasigande kabla ya nyuzi 47 chini ya sifuri. Kabla ya kuchomwa, yanalainisha pampu zake yenyewe, kisha yanapita kwenye kibadilisha joto pamoja na oili, yakiwa yametenganishwa na kuta nyembamba za chuma. Oili inapoa, mafuta yanapata joto. Kwangu mimi hakuna kifaa kilichobuniwa kwa busara zaidi kwenye injini nzima.

Adui hapo ni maji. Tarehe 17 Januari 2008, Boeing 777 ya British Airways iliyotoka Beijing ilianguka kabla ya kufika njia ya kutua ya Heathrow. Mafuta yake hayakuwa yameganda wala hayakuwa machafu. Chembe za barafu, kutokana na maji ya kawaida yaliyomo ndani ya mafuta, zilijishikiza kwenye mabomba, zikaachia kwa pamoja na kuziba uso wa kibadilisha joto. Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana ninapotoa sampuli chini ya tangi na kuona chupa safi isiyo na mstari wowote, bado naipima. Chupa iliyojaa maji matupu nayo haina mstari.

Kuta zile nyembamba zikipasuka, mafuta kwa kawaida ndiyo yenye shinikizo kubwa, basi huingia kwenye oili. Kiwango cha oili hapo hakishuki, kinapanda. Oili inakuwa nyepesi, inanuka mafuta ya taa, na beringi zinabaki bila kinga. Mimi huogopa kipimo kilichopanda kuliko kilichoshuka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mzee alikunja uso alfajiri ile. Alijua nimemimina makopo mawili, kitabu kilisema hivyo. Lakini hakukuwa na mtu wa kuapa kwamba ziada yote ilikuwa yangu. Alichota sampuli, akainusa, akanipa nami ninuse. Haikunuka mafuta. Hata hivyo aliituma maabara, akaandika ndege isiruke, na tukakaa kusubiri majibu.