Kope la jioni: nilivyojipanga na miasthenia gravisi

"Uchovu tu huo, kunywa vitamini na ufanye mazoezi." Ushauri huu nimepewa na watu wengi na mpaka leo unaniudhi, kwa sababu kwenye miasthenia gravisi, ugonjwa unaolegeza misuli kadiri unavyoitumia, kuulazimisha msuli ndiko kunakoumaliza.

Neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hutua kwenye vipokezi vya msuli, ndipo msuli unapojikunja. Kingamwili za mgonjwa mwenyewe huviziba na kuviharibu vipokezi hivyo. Ndiyo maana asubuhi nina nguvu, nikiutumia msuli unalegea, nikipumzika unarudi. Kwa hiyo daktari mtajie saa, usimwambie umechoka tu: saa mbili asubuhi kope liko juu, saa kumi na mbili jioni limefunika mboni na mtu mmoja namwona wawili.

Kilichonisaidia kueleweka ni barafu. Funga kipande kwenye kitambaa chembamba, kiweke juu ya kope lililofumbwa kwa dakika 2, kisha tazama. Kope likipanda milimita 2 au zaidi, hiyo ni dalili nzito ya ugonjwa huu, maana baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Nilipiga picha kabla na baada, mahali pamoja, mwanga uleule. Kipimo cha damu cha kingamwili kikafuata, na picha ya CT ya kifua, kwani takriban mgonjwa 1 kati ya 10 huwa na uvimbe kwenye thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani.

Nilipokosea ni kwenye dawa. Pairidostigimini miligramu 60, dawa inayozuia asetilikolini isivunjwe haraka, nilikuwa naimeza nikishakaa mezani, halafu ugali na nyama papo hapo. Kabla sahani haijafika nusu taya limelegea, kidevu nakishikilia kwa kiganja ili nitafune, na chai inatokea puani. Nikadhani dozi ni ndogo, nikameza vidonge viwili pamoja. Tumbo likasokota, mate yakajaa mdomoni, misuli ya mapaja ikawa inarukaruka, na nguvu haikuongezeka. Msiige hilo: dawa hii ikizidi, yenyewe hudhoofisha misuli. Kosa langu lilikuwa saa. Huanza kazi baada ya dakika 30 hadi 45 na kuisha baada ya saa 3 au 4. Sasa kidonge ni saa sita na robo, na biskuti mbili za kutuliza tumbo. Chakula saa saba kamili. Nyama naila mchana, jioni ni mtori au uji mzito.

Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, nayo huweza kukulegeza zaidi wiki mbili za mwanzo, kwa hiyo ianzwe chini ya uangalizi.

Kwenye pochi natembea na karatasi ya dawa za hatari kwa ugonjwa huu, maana huweza kulegeza misuli zaidi: kwinini, gentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini, propranololi, magnesiamu ya mshipani. Kwetu homa haikosi, na dripu ya kwinini huweza kutundikwa kabla hujaulizwa una ugonjwa gani. Ionyeshe karatasi mapema, na ndugu unayekaa naye awe na nakala yake, maana siku ukizidiwa huenda sauti haitoki.

Kila jioni navuta pumzi moja ndefu na kuhesabu kwa sauti. Nikikwama chini ya 20, au nikishindwa kulala chali, au kikohozi kikikosa nguvu, sisubiri kidonge kinachofuata: naenda usiku huohuo kwenye hospitali yenye mashine ya kupumulia.