Alichokiona Eli, na Alichokosa Kukiona

Wapendwa katika Bwana, wiki hii tumesoma 1 Samweli 1, na nimeshindwa kumpita kuhani Eli. Akiwa ameketi penye mwimo wa hekalu, aliitazama midomo ya Hana, mke asiye na mtoto aliyekuwa akimwomba Mungu ampe mwana, ikicheza bila sauti, akaamua kwamba mama yule amelewa.

Katika ibada moja ya maombezi niliyohudhuria, walioitwa mbele kuombewa uzazi walikuwa kina mama peke yao. Waume zao walibaki kwenye mabenchi, mmoja akiwa amepakata mkoba wa mkewe. Ilhali mirija ya uzazi ya mwanamke iliyoziba, mara nyingine kwa sababu ya magonjwa ya zinaa kama kisonono au klamidia yasiyotibiwa mapema, ni chanzo kimoja tu cha kukosa mtoto kati ya vingi, na mbegu chache au dhaifu za mwanamume nazo huchangia katika sehemu kubwa ya ndoa zinazosubiri mtoto. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia ugumba katika maisha yake, yaani kukosa ujauzito baada ya miezi 12 au zaidi ya kujaribu. Hesabu hiyo ni ya wake kwa waume.

Wapo pia wasio na watoto ambao hawana ugonjwa wowote. Yupo aliyelea wadogo zake yatima hadi umri ukamtupa mkono, yupo aliyefiwa na mwenzi mapema, wapo wanandoa waliotenganishwa na kazi, na wapo walioamua kutozaa (hawa, nakiri, niliwahi kuwahukumu kabla ya kuwasikiliza). Kuwauliza wote hao mlangoni mwa kanisa, "Mtoto lini?", ni kumchokoza Hana kama alivyofanya Penina, mke mwenzake aliyekuwa na watoto, hata tukiuliza kwa tabasamu.

Mwanamume asiye na mtoto naye yumo katika Maandiko, ingawa ni nadra kumsikia akihubiriwa. Katika Isaya 56 towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, anajiita mti mkavu, na Mungu, aliyempa Hana mtoto, huyu hamwahidi mtoto. Anamwahidi ukumbusho na jina ndani ya nyumba yake, lililo jema kuliko wana na binti.

Ijumaa hii tunaombea tena familia. Nimemwomba kiongozi wa maombi aite mume na mke pamoja, na asiye na mwenzi aje kama alivyo.