Mwanangu kasema kwenye pupa anatoka nyigu

Juzi nimeenda kumchukua mwanangu shule, yuko awali, miaka sita, nikamkuta kanuna, mdomo umetangulia begi. Namwita Baba maana kabeba jina la marehemu baba yangu. Nikamuuliza Baba vipi, kimya. Mpaka tumefika kwa muuza mihogo ndo akafunguka, eti mwalimu aliwaonyesha chati ya ukutani, yai, kiwavi, pupa, kipepeo, akauliza haya humu kwenye pupa anatoka nani, darasa zima kipepeoooo, yeye kasema nyigu. Wakamcheka. Mwalimu akamwambia akae chini aache utani.

Mi nikabaki nimeshika kipande cha muhogo sina la kusema. Maana huyo nyigu kamuona kwangu.

Iko hivi. Mi fundi cherehani, nashonea barazani, watoto wakirudi wanashinda miguuni kwangu wakiokota vipande vya vitambaa na kugombania tepu. Uani kuna mlimau wa mama mwenye nyumba. Masika ilivyoanza ukatoa majani mapya, yale laini ya kijani mpauko, na Baba siku moja akaja mbio, mama kuna mavi ya ndege yanatembea. Nikajua ni maneno yake. Nikaenda kuona na kweli, kitu cheusi chenye baka jeupe, unaapa ni kinyesi cha ndege, ila kinatafuna jani.

Kumbe ndo kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi na njano anayezunguka kila penye mlimau na mchungwa. Anajifanya kinyesi ili ndege wasimtamani, na we ungekuwa ndege ungekula?

Nikaona hapa watoto watajifunza kitu bila mimi kununua chochote. Tukamchukua na kijitawi chake tukamuweka kwenye kopo la aiskrimu, juu nikafunika na kipande cha chandarua nikakaza na rababendi. Nikajiona mama bora kabisa. Asubuhi kiwavi amelala upande, hajigusi. Baba analia, mdogo wake wa miaka mitatu analia kwa sababu kaka yake analia, na mi nimesimama najiuliza, ndo ikaniingia akilini: kile chandarua ni cha kliniki, nilipewa na ujauzito wa huyu wa pili, na vile vina dawa ya kuua wadudu. Nimemfungia mdudu kwenye dawa ya wadudu halafu nikamtakia usiku mwema.

Sikuficha, nikawaambia mama ndo kaua. Tukamzika kwenye mkebe wa mdalasini.

Wa pili na wa tatu tukawafunika na neti ya shela, mabaki ya gauni la bibi harusi mmoja, ile haina dawa. Kila asubuhi kazi ya Baba kuleta majani mapya (hawali mchicha, tumejaribu, hawagusi, ni majani ya limao tu na jamaa zake) na kazi ya mdogo wake kumwaga kinyesi, ambayo aliipenda kuliko nilivyotegemea. Jioni tunapima na tepu yangu ya kushonea. Alianza mdogo kama punje ya mchele, mwisho kapita sentimita 4. Hakuna mtu aliyemfundisha Baba kusoma tepu, nilimwonyesha mara moja tu sifuri iko wapi, mengine kajifundisha kwa sababu alitaka kujua wa kwake kampita wa mdogo wake au bado.

Halafu siku moja tumeamka, yule wa kufanana na kinyesi hayupo, yuko mwingine wa kijani mnene ana kama macho mgongoni. Baba akasema mama tumeibiwa, wamechukua wa kwetu wameweka wa kwao. Akamtuhumu mpaka mtoto wa jirani. Ikabidi tutafute ushahidi, tukaona chini kwenye kopo kuna kijigamba kilichokunjamana. Anajivua, ngozi ikimbana anaitupa. Hii habari ya kujivua gamba nilikuwa naijua ya chama tu, ile ya CCM 2011, sikuwahi kuiona ikifanyika kweli.

Na ukimgusa huyo wa kijani, nyuma ya kichwa zinachomoka pembe mbili laini rangi ya chungwa, na harufu kali kama maganda ya machungwa yaliyochacha. Yule mdogo kagusa, kanusa kidole, kakunja uso, kagusa tena. Nimemhesabia mara sita. (Wenye manyoya wao ni marufuku kwangu, wale wanawasha mpaka mtoto anavimba. Hiyo sheria tuliiweka siku ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote.)

Mama mwenye nyumba hakufurahi. Mlimau wake mdogo na majani yanaisha, akaja na chupa ya dawa. Nikamwambia shikamoo mama, naomba unipe tawi moja tu hili la upande wa bafuni, mengine pulizia. Nikamwambia hata Kenya kule Gede toka 1993 wanakijiji wanafuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi, watu wanasomesha watoto. Akaniangalia. "Kwa hiyo hawa wako ndo watanilipa kodi?" Ila tawi akaniachia.

Basi wote wawili wakaacha kula, wakajishikiza kwenye kijiti na uzi mwembamba kiunoni kama fundi umeme juu ya nguzo, wakageuka pupa. Mmoja wa kijani, mwingine wa kahawia. Tukasubiri wiki ya kwanza, wiki ya pili. Yule wa kahawia akazidi kuwa mweusi, nikasema ndo huyo anakaribia. Nikaandaa simu nirekodi.

Jumamosi tukakuta pupa ana tundu, dogo, kama limetobolewa na sindano namba 14. Na ndani ya neti kuna vidudu vidogo vidogo vyeusi vinang'aa kijani kwa mbali, vina mabawa. Nyigu, ila wadogo kuliko sisimizi wa sukari. Baba akaanza kuwahesabu, akafika 20 ambapo ndo mwisho wake, akaanza upya moja. Kuna nyigu kazi yao ndo hiyo, mama anatafuta pupa mchanga bado laini anamtobolea mayai, watoto wanamla kwa ndani mpaka wakomae. Neti ya shela kwao ni geti lililoachwa wazi.

Akaniuliza, mama, kwa hiyo hawa ni watoto wa kipepeo? Nikasema hapana, ni watoto wa nyigu. Akasema lakini wametoka kwenye tumbo la kipepeo. Nikamwambia kula uji.

Yule wa kijani alitoka siku nne baadaye, saa moja asubuhi, sijafua wala sijafagia. Mabawa yamekunjamana kama kitambaa kimetoka kukamuliwa, ananing'inia tu, yanajaa polepole. Akatoa tone la maji ya kahawia, yule mdogo akapiga kelele amekojoaaa. Nyumba nzima ikatoka, na mama mwenye nyumba na kanga yake ya kulalia, akasema haya leo tuna mgeni. Karibu saa nzima hakuna aliyeenda kokote. Baba alichelewa shule siku hiyo, nikaandika kikaratasi kwamba tumbo lilimsumbua, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo ndo maana kasema nyigu. Kamuona nyigu akitoka, kamuona na kipepeo akitoka, na kwa hesabu yake ni sare, moja kwa moja.

Jana nimeenda na kiberiti, ndani nimeweka maganda yote mawili, lile lililopasuka mbele na lile lenye tundu. Nilijiandaa kwa maneno mengi kweli. Mwalimu ni binti mdogo tu, akayamimina kiganjani, akalisogeza lile lenye tundu karibu na jicho, akakaa hivyo muda. Akamwita Baba.

"Hao nyigu wanang'ata?"

"Hapana, wadogo."

"Walikuwa wangapi?"

"Ishirini na ishirini na saba."

Baba akaomba amchore kwenye chati. Mwalimu akaangalia mlangoni, akasema haya, lakini kwa penseli, siyo peni.