Nilivyochagua kati ya DSP ya fiksdi pointi na ya floti pointi

Nilikuwa natengeneza ikwalaiza ya sauti, ile mtu anazungusha kitufe na filta zinabadilika huku muziki unaendelea, sasa kazi ikawa kuchagua DSP, yaani chipu ya kuchakata sauti kwa hesabu: ya fiksdi, ambayo nukta ya desimali inakaa sehemu moja, au ya floti, ambayo nukta inasogea kufuata ukubwa wa namba. Fiksdi ni bei nafuu na inakula umeme kidogo, hilo halina ubishi, na kama kifaa kingekuwa cha betri ndogo na filta zake hazibadiliki ningeichukua bila kufikiria sana. Ila kabla sijanunua chochote nikapiga hesabu kwanza kwenye kompyuta, na aisee hiyo hesabu ndo ilimaliza kila kitu.

Chukua filta ya kukata sauti zilizo chini ya hezi 40, sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Ukitafuta koefishenti zake, yaani namba ambazo filta inazitumia kuzidisha, moja inatoka karibu -1.9926 na nyingine karibu 0.9926. Hiyo ya kwanza haiingii kwenye Q15 (fiksdi ya biti 16 ambayo biti 15 ziko baada ya nukta) kwa sababu Q15 inaishia -1, inabidi uhamie Q14, yenye biti 14 baada ya nukta, ambayo hatua yake ndogo kabisa ni 1/16384, yaani kama 0.000061. Sasa jumlisha 1 na hizo koefishenti mbili kwa desimali zake zote, inabaki 0.000027 tu hivi, na hako kabaki ndo kanaamua filta ikate wapi! Kwa biti 16 utapata sifuri au zaidi ya mara mbili yake, hakuna katikati, kwahiyo besi yako inaharibika hata kama programu umeiandika vizuri.

Unaweza kubaki na fiksdi ukatumia koefishenti za biti 32, inafanya kazi safi, lakini kila hatua lazima ujue mwenyewe nukta iko wapi na uache nafasi ya sauti kupanda, na hapa mtumiaji ndo anayepandisha, mimi sijui atafika wapi. Floti ya biti 32 ina biti 24 za usahihi na biti 8 za kusogeza nukta yenyewe. Nikachukua floti.

Angalizo moja, chipu nyingi zina floti ya biti 32 tu kwenye hadwea, so kwenye lugha ya programu ya C andika 0.5f, ukiandika 0.5 hesabu inaweza kugeuka ya biti 64 na kasi inashuka vibaya. Na mwishoni ukirudisha sauti kwenye biti 16 ibane isipite 32767, namba kubwa kabisa inayoingia hapo, maana ikizidi kwa 1 tu inaweza kuruka hadi -32768 na spika inapiga mlio mkali.